Chupa mbili kwenye friji moja

Kaskazi ikivuma Tanga, kila chenye roho kinatafuta maji. Kuku wanashinda chini ya mwembe midomo wazi, mbuzi wanasukumana kwenye beseni, na mbwa aliyelala kivulini akihema ulimi nje hamshangazi mtu. Ndiyo maana kisukari cha mbwa kinaweza kukaa uani miezi na miezi bila kushtukiwa. Dalili yake ya kwanza ni kiu, na kiu pwani ni jambo la kila siku.

Tausi ni mbwa wa kienyeji, jike, rangi ya mchanga na madoa meusi mgongoni. Analinda kuku na mbuzi wa nyumbani kwetu Mikanjuni. Aliyemshtukia si mimi, ni mama. Mama ameishi na kisukari miaka mingi, na macho yake huona vitu ambavyo sisi wengine tunapita tu. Alianza kwa kuuliza nani anamwaga maji ya mbwa, maana bakuli lilijazwa asubuhi na kabla ya adhuhuri limekauka. Kisha akaniita nje, akanyoosha fimbo pale Tausi alipotoka kukojoa, karibu na shina la mpapai. Sisimizi walikuwa wamejipanga msururu kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka kwenye ule unyevunyevu, wamejazana hata mchanga hauonekani.

"Mwanangu," mama akasema, "mnyama huyu ana ugonjwa wangu."

Nikaanza kumpimia maji kwa jagi la lita moja badala ya kukisia. Kipimo wanachotumia madaktari wa mifugo ni chepesi kukumbuka: mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ana jambo. Tausi wakati ule alikuwa na kilo 16, na alikuwa anamaliza lita mbili na bado analamba bakuli. Alikula kuliko zamani, na mifupa ya nyonga ikawa inaonekana.

Majirani walikuwa na majibu yao, na hayakuwa ya kubahatisha. Mbwa anayekula kwa pupa huku mbavu zinahesabika, jibu la kwanza mtaani ni minyoo. La pili ni kupe. La tatu, kwa waliokulia mashambani kule Pangani na Handeni, ni nagana, ugonjwa wa mbung'o, ambao nao humkondesha mbwa na kumtia ukungu machoni. Daktari wa mifugo hakulidharau hata moja. Alichukua damu akaipaka kwenye kioo ili aitazame kwa hadubini, akageuza midomo ya Tausi kuangalia kama ufizi umepauka. Ndipo akatoa kipimo cha sukari, kilekile cha watu, akamtoboa ukingoni mwa sikio na kukinga tone. Mbwa mzima husoma kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita hivi. Cha Tausi hakikutoa namba. Kiliandika herufi mbili tu, HI, yaani sukari imevuka pale kifaa kinapoweza kuhesabu, ambapo kwa vipimo vingi ni 33.3. Akachovya na kijikaratasi kwenye mkojo: sukari tele, ketoni, ile sumu inayotokea mwili ukichoma mafuta yake kwa kukosa insulini, hamna.

"Dada, hapo kwenye ketoni mshukuru Mungu," akasema. "Mngechelewa, angekuja anatapika, hali chakula, pumzi inanuka. Huyo ni mgonjwa wa dripu. Huyu wako ni wa sindano za nyumbani."

Alivyonieleza, nami nikaelewa, ni hivi. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini ikawe nguvu. Isipokuwepo, sukari inabaki inazunguka kwenye damu huku mwili unalia njaa. Ikifika 10 au 11 figo haziwezi tena kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo ile kiu. Ndiyo wale sisimizi.

Kwa nini yeye? Hakuna anayeweza kuapa, lakini jike ambaye hajatolewa kizazi yuko karibu zaidi na ugonjwa huu. Kila akitoka kwenye joto la kutaka dume, awe ameshika mimba au hajashika, homoni ya projesteroni inakaa juu kiasi cha miezi miwili, na homoni hiyo inaamsha nyingine inayoifanya insulini ishindwe kazi yake. Kongosho linajitahidi, joto baada ya joto, mpaka linachoka. Sukari yake iliposhuka na kutulia kidogo, Tausi alitolewa kizazi. Natamani kila anayefuga jike angeambiwa habari hii mapema. Tunazungumzia kizazi cha mbwa kwa kuogopa watoto wengi tu, wakati kuna sababu nyingine kubwa hivi.

Dawa za bure hazikukosekana. Mmoja alileta majani ya mlonge, mwingine magome ya mwarobaini, na ndugu yetu mmoja akauliza kwa nia njema kabisa kwa nini tusimpe vidonge vya mama. Jibu ni kwamba kisukari cha mbwa, karibu siku zote, ni kile kinachohitaji insulini. Vile vidonge vya watu vinalisukuma kongosho litoe zaidi, au vinausaidia mwili utumie vizuri kile kilichopo. Kongosho la mbwa mwenye kisukari halina cha kutoa. Ukimsukumia vidonge na magome unampotezea siku ambazo hana.

Wapo pia waliosema: mbwa tu huyo, mlazeni, chukueni mtoto mwingine. Watoto wa mbwa Tanga hununui, unapewa hata hujaomba. Sikukasirika, kwa sababu najua wengi hawajawahi kuona njia nyingine. Lakini nalipinga neno hilo kwa moyo wangu wote. Mbwa mwenye kisukari akipata insulini, anakula, ananenepa, anabweka usiku, anafukuza kenge kwenye mayai. Anachodai ni saa na watu. Fedha inahitajika, sifichi, na si kila nyumba itaweza. Ila sindano mbili kwa siku si adhabu kwa mnyama. Tausi anaposikia friji inafunguliwa anakuja mwenyewe.

Saa yenyewe, sisi wa pwani tumepewa bure. Insulini ya mbwa inachomwa kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta: jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima, likiwahi au kuchelewa ni kwa dakika tu. Kwa hiyo mimi sihitaji kengele ya simu. Nikimaliza sala ya alfajiri na kukaanza kupambazuka, Tausi anakula na kuchomwa. Jioni, kabla muadhini hajaita magharibi, anakula na kuchomwa tena. Mwezi wa Ramadhani ndio wa kuangalia sana, si kwa sababu ya saa bali kwa sababu ya upendo wa watu. Watoto wakishafuturu wanataka kila mtu afuturu, na mbwa naye anarushiwa kaimati, tambi za sukari, kipande cha kiazi kitamu. Ilibidi tuwakalishe chini, tuwaeleze kwamba kwa Tausi zile kaimati ni sumu tamu. Walielewa upesi kuliko wakubwa.

Chakula chake ni kilekile na kipimo kilekile: ugali kidogo wa dona, mchicha, dagaa waliolowekwa kutoa chumvi na kuchemshwa, au nyama isiyo na mafuta. Mafuta mengi yanaweza kuliamsha kongosho likavimba, na hapo utakuwa na magonjwa mawili. Vitunguu, vya maji na saumu, haviingii kwenye sufuria yake kabisa. Hivyo ni sumu kwa mbwa yeyote, awe na kisukari au asiwe nacho.

Insulini tunainunua famasi ya watu. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama ina yuniti 40 kwa mililita, ya watu ina yuniti 100, na bomba la sindano la hii si bomba la ile. Hapa nawaomba msome polepole. Mabomba ya 100 kwa kawaida yana kifuniko cha rangi ya machungwa, ya 40 chekundu. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, unampa mbwa mara mbili na nusu ya dozi aliyoandikiwa, na dozi hiyo inaweza kumuua. Pia famasi kuna ya maji maangavu, kuna ya mawingu, kuna ya mchanganyiko. Chukua ile aliyoandika daktari, hata kama muuzaji anakwambia zote ni sawa.

Ya Tausi ni ya mawingu. Inatulia chini ya chupa kama tui lililolala, kwa hiyo kabla ya kuvuta unaibingirisha taratibu kati ya viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa, bila kutikisa kwa nguvu. Unavuta, unagonga bomba kwa ukucha povu lipande, unalisukuma nje. Kisha unashika ngozi nyuma ya bega, unaiinua ijitenge na nyama, unaingiza sindano pale chini ya mkunjo, unasukuma, unahesabu kidogo, unatoa. Halafu pitisha kidole kwenye manyoya. Yakiwa na unyevu, na ukinusa unapata ile harufu kali ya hospitali, dawa imetokea upande wa pili na haikuingia. Hapo mkono utakuwasha kurudia. Usirudie. Hujui kimeingia kiasi gani, na sukari iliyopanda kwa nusu siku haimuui kama inavyomuua iliyoshuka. Subiri saa kumi na mbili nyingine. Leo bega la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa ubavuni, ngozi isije ikawa ngumu. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa inapelekwa zahanati. Mtaani kwetu kuna vijana wanaookota chupa majalalani kwa mikono mitupu.

Chupa ya Tausi inakaa kwenye mlango wa friji, ndani ya kopo la bluu. Ya mama, maana naye huchomwa insulini, iko rafu ya juu, ndani ya kopo jeupe. Hazikutani, na bomba la mmoja haligusi la mwingine. Ugomvi wetu mkubwa ni umeme. Ukikatika kaskazi ya Januari, chumba kinakuwa tanuri, na insulini inataka nyuzi kati ya 2 na 8. Chupa iliyokwisha kufunguliwa inastahimili joto la kawaida la chumba kwa wiki 4 hadi 6, soma karatasi yake, lakini joto letu si lile wanaloliita la kawaida. Tunachofanya ni cha mabibi zetu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, vimekaa penye upepo. Makopo yote mawili yanaingia humo. Barafu hatuigusishi na chupa, maana insulini ikiganda imekufa hata ikiyeyuka.

Usiku mmoja wa giza la namna hiyo, tumekaa barazani, nilimsimulia mama insulini ilivyopatikana. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho ili waone atakuwaje bila hilo. Mbwa akaanza kukojoa kila mahali, mkojo ukapimwa, ukakutwa na sukari. Ndipo watu walipojua ugonjwa unatoka wapi. Kisha mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best wakawatoa mbwa kongosho na kuwachoma maji waliyoyakamua kutoka makongosho ya mbwa wengine, na baadaye ya ndama na ng'ombe. Mmoja, jike aliyepewa jina la Marjorie, aliishi zaidi ya miezi miwili kwa sindano hizo. Tarehe 11 Januari 1922 akachomwa mtu wa kwanza, Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyekuwa anakufa, na akaishi. Mwaka uliofuata Banting alipewa tuzo ya Nobel pamoja na John Macleod, mwenye maabara.

Mama alinyamaza, kisha akauliza, "Na hao mbwa wengine, majina yao?"

Nikamwambia wengi walikuwa na namba tu.

"Basi mimi nimekula jasho lao miaka yote hii," akasema, "na sikuwa najua." Tangu siku ile, chupa ya Tausi ikikaribia kwisha mama ndiye wa kwanza kunikumbusha, na akipata chochote kutoka kwa kaka zangu anatenga cha Tausi kabla hajafunga leso tena.

Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na najua wasomaji wengi wanajiuliza. Mate ya mbwa kwetu Washafii ni najisi, na mimi kila siku nashika ngozi yake. Nina dera langu la kazi hiyo, glavu, na udongo safi kwenye kopo karibu na bomba la uani. Kilicholoa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kisha naenda kutawadha. Nilipokuwa na wasiwasi nilimwendea mzee wetu wa msikitini. Hakunikemea. Alinikumbusha ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya mtu aliyeteremka kisimani akanywa, alipopanda akamkuta mbwa anakula tope kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji kwenye khufu yake, kiatu cha ngozi, akaing'ata kwa meno apate kupanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. "Najisi ina maji yake na udongo wake," mzee aliniambia. "Huyo wako ana kiu ya ugonjwa. Mnyweshe." Nimeshika maneno hayo.

Jambo la kuogopa kwa mbwa wa insulini ni sukari kushuka. Asubuhi moja Tausi alikula akachomwa kama kawaida, kisha akaenda kutapika chakula chote nyuma ya migomba, tusione. Baada ya saa kadhaa nikamwona anavuka ua kwa mwendo wa mlevi, miguu ya nyuma inaachana, kichwa kinatikisika. Nikamwita, akatazama upande mwingine. Asali iko dirishani jikoni kwa ajili hiyo. Nilimpaka kwenye ufizi na ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni, maana asiyeweza kumeza ukimmiminia utamzamisha mapafu. Mama kwenye kiti chake anasema, "Ongeza, ongeza, mimi najua anavyosikia." Kijana wa bodaboda wa jirani alikwenda kumfuata daktari hata hajavaa viatu. Alipofika Tausi alikuwa ameshanyanyua kichwa, tukampa uji mzito wa dona, na dozi ya jioni ikapunguzwa kwa agizo lake. Ukiwa na mbwa wa insulini, asali isikose nyumbani, na kila anayelala humo ajue iko wapi.

Macho yake yamekwenda. Hilo tuliambiwa mapema: mbwa wengi wenye kisukari hupata mtoto wa jicho, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, hata wakitunzwa vizuri, kwa sababu sukari inaingia kwenye lenzi na kuvuta maji mpaka inavimba na kuwa nyeupe. Kujua mapema hakukunipunguzia uchungu nilipomwona anajigonga kwenye kinu. Upasuaji wake upo duniani, kwetu hatukuufikia. Tulichofanya ni kuacha kuhamisha vitu. Kinu, ndoo, jiko la mkaa, vyote vina mahali pake, na mgeni akisogeza kiti barazani watoto wanakirudisha. Pua na masikio vinafanya kazi yote. Kenge bado hapati yai.

Nikisafiri, na misiba ya Korogwe haitoi notisi, sindano inabaki kwa mpwa wangu wa kidato cha tatu. Alijifunza kwa kuchoma chungwa kwa maji kwanza, kisha ngozi ya Tausi mimi nikiwa nimesimama pembeni. Kwenye mlango wa friji nimebandika karatasi kwa kalamu nene, mama akaihakiki mstari kwa mstari: kopo la bluu, si jeupe. Bomba la kifuniko cha machungwa. Bingirisha, usitikise. Ale kwanza, ndipo uchome. Ikimwagika, usirudie. Akipepesuka, asali, kisha simu kwa daktari. Asipokula kabisa, usichome mpaka umeongea na mimi au na daktari.